Makayabu Bila Chumvi

Mwanamke mmoja wa Suriname, rafiki wa rafiki yangu, alifungua mkate wake mezani, na harufu ikanifikia kabla ya jina. Ilikuwa harufu ya kamba iliyolowa, ya nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo, ya kitu kilichokufa zamani kikakataa kuoza. Alinimegea kipande. Akaniambia Waholanzi wa kwao hukiita bakkeljauw, na bibi yake, aliyezungumza Krioli tu, alikiita batyaw. Akaniuliza sisi tunasemaje. Nikamwambia: makayabu. Alilirudia neno langu polepole, akilitafuta lake ndani yake, akalipata, akacheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu stesheni. Nilijaribu kucheka naye. Lakini mimi tayari nilikuwa kwenye ngazi za nyumba yetu ya Saint-Gilles, Brussels, mtoto wa miaka minane, nimebeba beseni la buluu na maji yanamwagika kwenye soksi zangu.

Waliokulia katika nyumba zile wanazijua ngazi zake. Zilijengwa kwa ajili ya familia moja yenye piano na mtumishi, kisha zikakatwakatwa vyumba, kila sakafu watu wake, kila watu na mafuta yao ya kukaangia. Chini aliishi Madame Josée, mjane wa Kibrussels ambaye Kifaransa chake kilikuwa na Kiflemi kingi kama supu yenye mifupa. Katikati aliishi Tia Nanda, mtu wa visiwa vya Kepuvede, aliyefanya usafi katika maofisi alfajiri na kulala mchana. Juu kabisa, chini ya paa, tulikuwa sisi: baba, mama na mimi. Harufu za wengine zilipanda kwetu. Yetu ilishuka.

Jumamosi ilikuwa siku ya beseni. Baba, aliyesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, alipitia Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, akarudi na makayabu chini ya kwapa, samaki mkavu kama ubao, amefunikwa chumvi kama kioo cha dirisha kilichoshika barafu. Alimlaza majini usiku mzima, na Jumapili akawa anabadilisha maji. Kila akibadilisha, alichuna uzi mmoja wa nyama, nusu akaweka kwenye ulimi wake, nusu kwenye wangu, tukafumba macho wote wawili kama watu wanaosali.

"Bado," alisema. "Bahari iko ndani."

Na ilipokuwa tayari, alinionya kila mara kwamba chumvi yote haitolewi. Ukiitoa yote, alisema, unakula karatasi. Lazima ibaki kidogo, ili samaki akumbuke alikotoka.

Siku moja Madame Josée alipanda ngazi zote, akipumzika kila sakafu, akafika mlangoni kwetu ameshika ufagio. Aliuliza nani amekufa huku juu. Baba akamjibu kwa adabu kwamba ni samaki tu, akamkaribisha aone. Yule mama akainama juu ya beseni kama daktari. Baba akamwambia jina. Tia Nanda, aliyeamshwa na mazungumzo, akapanda na kanga ya kulalia kichwani, akatazama, akapiga kofi la furaha: kumbe ni bakadjau. Kwao Praia, alisema, Krismasi bila yeye si Krismasi. Wareno humwita bacalhau, lakini Wareno wana haraka.

Hapo Madame Josée akasimama wima. Kwa lafudhi ya mtaa wake alisema kabeljaa, na akasema kabeljaa anamjua yeye, kwa sababu mama yake alimuuza sokoni juu ya barafu: mweupe, laini, ametoka Bahari ya Kaskazini asubuhi hiyo hiyo. Hiki kilichomo ndani ya beseni, alisema, ni soli ya kiatu.

"Madame," Tia Nanda alimwambia, "samaki mbichi ni samaki ambaye hajaenda shule."

Baba alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Walibishana palepale, watu wazima watatu kuzunguka beseni, kila mmoja akidai samaki ni wake na wenzake wamemwazima. Walipochoka, Madame Josée alionja kipande, akasema kwamba mama yake asingekikubali, kisha akaomba kingine.

Usiku ule baba alinieleza jinsi alivyojua yeye. Mabaharia walimkausha samaki huyu ili asioze melini, wakaenda naye kila walikokwenda, na walikokwenda si kote walikokwenda kwa wema. Walilisha kwa chakula hicho watu waliowanunua. Walimshusha Kepuvede, wakamshusha Karibi, wakamshusha kwenye mdomo wa mto Kongo. Pale watu walilisikia neno la Wareno, wakalifungia ma- mbele, kama la maji, la mafuta, la machozi, na likawa lao. Tena, alisema, hata sisi tuliliazima. Makayabu ni neno la watu wa Kinshasa. Yeye alilichukua kwao hapahapa Brussels. Likasi, alikozaliwa, mama yake alisema bitoyo, na kwake bitoyo ni samaki yeyote wa chumvi, awe wa bahari au wa ziwa. Nilimwuliza nani basi alianza, Mreno anayesema ba-ka au Mflemi anayesema ka-be. Alisema mmoja wao alilishika neno kichwa chini miguu juu, lakini hakuna aliyekuwepo. Nilipokua nikasoma, nikakuta hata wasomi bado wako kwenye ngazi zile wanabishana. Wengine wanawataja hadi wavuvi wa Kibaski.

"Samaki ni mumoja," baba alisema kwa Kiswahili cha Likasi. "Majina ya ukoo njo ile inabadilika."

Na bitoyo, nikamwuliza, limetoka wapi? Hakujua. Akaahidi kumwuliza bibi.

Alipata nafasi ya kumwuliza mapema kuliko tulivyotaka. Bibi aliugua, na baba akapanda ndege kwenda Likasi. Mama hakuweza kwenda naye. Baba alikuwa na karatasi za ukaazi. Mama alikuwa bado anasubiri zake, na mtu anayesubiri, akitoka Ubelgiji, amejifungia mlango nje. Baba alituachia makayabu wengi ndani ya mfuko, ameutundika dirishani ili baridi imtunze samaki na harufu iende kwa njiwa. Alipiga simu. Sauti yake ilifika baada ya midomo, ningesema, kama ningemwona. Alisema bibi amepata nafuu, na neno langu, lile la bitoyo, yeye mwenyewe hajalisahau. Kisha hakupiga tena.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta godoro la mama sakafuni. Mama alikuwa amekaa juu yake, miguu imenyooka, na Tia Nanda ameketi kando akimshika mkono, ingawa saa ile alipaswa kuwa amelala. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nywele za mama zilikuwa zimekatwa karibu na ngozi. Nilidhani ni chawa, kwa sababu shuleni walikuwa wametupa barua ya chawa wiki ile, na nikamwonea huruma, maana nilijua jinsi watoto wanavyocheka.

Nilimwuliza kama baba amepiga simu. Mama alitazama ukuta.

"Baba yako iko mu safari," alisema. "Njia njo murefu."

Alisema kweli, nadhani, kwa namna aliyoruhusiwa. Kwa watu wa ukoo wa baba, mjane hatangazi kifo cha mumewe kwa mdomo wake. Ndugu wa marehemu ndio wanaokuja kusema, na ndio wanaofungua matanga. Hadi wafike, yeye anakaa chini, anakata nywele, na hagusi chumvi. Ndugu waliokuwa Ulaya walikuwa wachache, na mkubwa wao, Tonton Delphin wa Charleroi, kaka wa baba, alikuwa amekwenda Likasi kuzika. Kwa hiyo mama alingoja. Asubuhi alivaa kitambaa kichwani, akapanda tramu kwenda Uccle kuwapigia pasi watu nguo zao, kwa sababu watu wale hawakujua kwamba amefiwa na asingeweza kuwaambia. Jioni alirudi akakaa sakafuni.

Mimi sikujua lolote kati ya haya. Nilichojua ni kwamba mama amempa Tia Nanda pakiti yetu ya chumvi, na vidonge vya supu, na hata mkebe wa dagaa. Na nilijua kwamba makayabu sasa hatoki majini. Mama alimbadilishia maji asubuhi kabla ya kwenda Uccle, akambadilishia jioni, tena na tena, siku juu ya siku, hata maji ya beseni yakawa safi kama ya bomba. Samaki alivimba, akawa mweupe, akalainika. Alipompika alikuwa kama baba alivyosema: karatasi.

Mtoto asiyeambiwa hujiambia mwenyewe. Niliwaza hivi: makayabu alianza akiwa kabeljaa wa Madame Josée, hai, baharini, kisha wakamtia chumvi akaenda mbali. Mama anamtoa chumvi. Anamrudisha nyuma, njia yote aliyokwenda, hadi awe tena kama alivyokuwa siku ya kwanza. Na mtu akiweza kumrudisha samaki, anashindwaje kumrudisha mtu aliyeko Likasi? Lilikuwa wazo zuri, lilinipa usingizi. Nikaanza kumsaidia. Nilipotoka shule, kabla mama hajafika, nilibeba beseni hadi sinki la kwenye ngazi, nikamwaga, nikajaza upya, nikichungulia kama samaki ameanza kutikisika.

Ijumaa moja Madame Josée alinikuta pale na soksi zilizolowa. "Njoo, meiske," alisema, maana hilo ndilo alilowaita wasichana wote, akaniketisha jikoni kwake. Alikuwa amepika kabeljaa na viazi vya kuponda. Samaki alikuwa mweupe, laini, anaachana vipande vipande, na nilimtambua mara moja: alikuwa sawasawa na wa kwenye beseni letu. Mama ameweza, nilijiambia. Kisha Madame Josée akainua chupa ya chumvi, akamnyunyizia samaki wangu, akasema kwamba bila hii ni chakula cha hospitali.

Nikaelewa kilichobaki: chumvi kidogo, kama baba alivyosema. Niliomba kidogo kwenye kitambaa cha karatasi. Hakuuliza kitu, alinifungia chumvi kama mtu anavyofunga peremende.

Jioni ile mama alipakua, akageuka kuzima jiko, na mimi nikafungua kitambaa changu juu ya sahani yake. Nilitaka ashtuke kwa furaha. Alikaa, akaweka tonge mdomoni, akatafuna mara moja, akaacha. Nimeona nyuso nyingi tangu siku ile, sijaona tena uso kama huo. Ulikuwa wa mtu aliyesikia hatua nyuma yake katika nyumba tupu. Aliinuka, akatema kwenye sinki, akasukutua, akasukutua tena, akakwaruza ulimi kwa kucha. Kisha akatazama mlango.

"Nani alikupa?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba samaki sasa amekuwa kama wa Madame, kwa hiyo baba anaweza kurudi. Mama alisikiliza hadi mwisho. Aliteleza na mgongo ukutani hadi chini, akanivuta kifuani.

"Usiambie muntu," alisema, akiniita maman kama wasichana wanavyoitwa kwetu. "Hata Tonton. Unasikia, maman? Hata akikuuliza."

Tonton Delphin alikuja na wanawake wawili wa ukoo wanaoishi Liège. Aliketi kwenye kiti cha baba, koti mwilini. Mama alikuwa sakafuni. Tonton alinisimamisha mbele yake, akanishika mabega yote mawili, na sauti yake ilifanana na ya baba kiasi kwamba kwa dakika nzima nilisikiliza sauti tu, si maneno.

"Maman, baba yako alitutoka. Malaria. Tulimuzika kule kwetu, pembeni ya baba yake. Bibi yako anakulilia."

Nilimwuliza kama baba aliacha neno langu. Hakuelewa. Alidhani nauliza kama baba alisema lolote kabla ya kufa, akanijibu kwamba hakusema kitu, alikuwa na homa. Nikatazama beseni. Lilikuwa pale chini ya dirisha, maji safi, na yule mweupe amelala ndani, mfu kama siku zote.

Kisha Tonton akamgeukia mama. Alikuwa na la kuuliza, na lazima aulize mbele ya mashahidi. Je, ameshika matanga ya ndugu yao? Akijibu kwamba ameshika, wao wenyewe watamwosha siku itakayopangwa, watamtia chumvi ulimini, na atakuwa huru: atakula na watu, atabaki mtu wao, na mtoto wake mtoto wao. Kama hakushika, basi marehemu hajamwachia, na hakuna anayeweza kumgusa. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba wanawake wa Liège wanamtazama mama mdomoni, kama unavyomtazama mtoto aliyeiba sukari, na kwamba mmoja wao ameanza kunitazama mimi.

"Na weye, mutoto," alisema. "Mama yako anakula nini?"

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini.

"Chumvi nilikula," mama alisema kutoka sakafuni.

Tonton akamwuliza juu ya nini. Mama hakusema juu ya nini. Hakusema nani. Alikuwa amenishika kifundo cha mguu, kwa nguvu, chini ya kanga, mahali ambapo hawakuona. Leo najua kwamba angeweza kusema "hapana" na wangemwamini. Lakini mama hakuweza kumdanganya maiti, na hakutaka kumtaja kwake mtoto aliyetia chumvi.

Tonton Delphin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika mdogo wake, amechoka, na alikuwa na sheria moja tu mkononi. Alisema "bon", akasema "alors", akainuka. Chai yao ilibaki ikitoa mvuke. Niliwasikia wakishuka, na huko chini wakimwambia Madame Josée bonsoir, kwa adabu.

Hawakurudi. Hapakuwa na matanga. Hakuna aliyelia kwa sauti katika nyumba yetu, kwa kuwa kilio kina wenyewe wa kukifungua, na wenyewe walikuwa wameondoka. Mama alinyanyua godoro siku moja bila kumwambia mtu, nywele zikaota, karatasi zake zikatoka. Lakini chumvi hakula. Kwenye harusi za watu alikwenda na bakuli lake. Tia Nanda alimgombeza kwamba hii ni Brussels, nani anamwona? Mama akamjibu kwamba yeye mwenyewe anajiona. Daktari wa mtaa alimsifu kwa presha yake ya damu, akamwambia laiti wagonjwa wote wangekuwa kama yeye. Miaka ilipita hivyo. Madame Josée alikufa, Tia Nanda akahamia kwa binti yake Ureno, mwenye nyumba mpya akapaka ngazi rangi nyeupe, na kijana mmoja mwenye baiskeli akapanga sakafu ya katikati.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipoona, katika matanga ya jirani mmoja kule Molenbeek, jinsi mjane anavyooshwa uso na kutiwa chumvi ulimini na dada wa mumewe. Hapo ndipo niliposhika maana ya kitambaa changu cha karatasi. Nilirudi nyumbani nikamtazama mama akila viazi vyake, na nikakosa pa kuanzia.

Mwanamke wa Suriname aliniuliza mbona sili. Nilikuwa nawaza juu ya lile neno. Halikuwahi kumwomba Mreno ruhusa, wala Mholanzi. Lilifikishwa na watu wabaya kwa safari mbaya, na kila mdomo uliolipokea ulilifanya la nyumbani, na sasa hakuna awezaye kusema ni la nani zaidi. Majina ya ukoo njo ile inabadilika. Na mimi ninalo jina la baba. Nina paji lake la uso, nina pua yake. Miaka yote hiyo tulikuwa tukingoja mtu wa ukoo wake apande ngazi, na mtu wa ukoo wake alikuwa humo ndani akiosha vyombo.

Jumamosi iliyofuata nilipitia Matonge. Beseni la buluu lilikuwapo bado, limepauka. Jumapili nilibadilisha maji, nikachuna uzi, nikafumba macho. Bahari ilikuwa ndani. Nikabadilisha tena, nikaonja, na ilipobaki kidogo, ya kukumbukia, nikaacha.

Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Nyonga zake hazimruhusu tena kukaa chini. Nilileta maji ya uvuguvugu nikamwosha mikono, nikamwosha uso. Aliniuliza ninafanya nini.

"Miye niko wa ukoo ya baba," nilimwambia. "Niko muntu yao."

Alinitazama. Nilidhani ataniondoa mkono. Akafungua mdomo, kidogo, kama mtu anayepokea komunyo, na nikamwekea ulimini punje chache za chumvi, kisha uzi wa makayabu. Hakutabasamu. Alitafuna polepole, macho yamefumbwa. Halafu akalitaja jina la baba, lile la utotoni, ambalo sikuwahi kulisikia mdomoni mwake, maana alimwita baba wa mtoto siku zote. Na baada ya jina sauti ikatoka ambayo sikujua kwamba mwili ule unayo. Ilianza chini, ikapanda, ikajaza chumba, ikatoka mlangoni. Nilimshika kichwa. Sikumwambia anyamaze.

Mlango uligongwa. Alikuwa kijana wa baiskeli, hana viatu, uso umeiva kwa aibu. Aliomba radhi. Alisema amesikia, akaogopa, akauliza kama kuna mtu aliyefariki.

Nikamwambia ndiyo. Baba yangu.

Alinipa pole, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akaniuliza, taratibu, mazishi ni lini.